Mtoto Aliyeziba Masikio



Kabla sijaanza hadithi yangu nataka nikuulize suali moja, nawe ulijibu moyoni mwako bila ya haraka. Umekaa nyumbani baada ya sala ya Maghrib. Qur'ani inasomwa katika spika. Mtoto wa miaka tisa, tena wa damu yako, amekaa juu ya mkeka mbele yako. Mara unamwona anainua mikono yake miwili na kuziba masikio. Je, utasema nini? Utafanya nini?

Mimi nayajua niliyoyasema na niliyoyafanya, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu. Huenda na wewe una mtoto au mjukuu nyumbani, na huenda na wewe una spika.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Riziki ndiyo iliyonileta huku Uyole, pembeni mwa mji wa Mbeya, pale ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inatoa tawi la kuelekea Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Nilikuja kijana, nikafungua mashine ya kusaga nafaka, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimesimama kando ya mashine hiyo nikiwasagia watu mahindi yao. Ninyi mlio pwani, mliozoea upepo wa bahari na madirisha wazi usiku kucha, hamwezi kuijua baridi ya Uyole mpaka mfike. Hapa ni juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai, ikishapita Alasiri, kila mtu hufunga madirisha yake na hayafunguliwi tena mpaka jua la kesho lipate moto. Tafadhali likumbukeni jambo hili la madirisha, maana nitalirudia.

Mwenyezi Mungu alinijaalia nikamaliza nyumba mpya. Sakafu ni ya vigae, madirisha ni ya kioo, kuta zimepigwa plasta zikalainishwa vizuri. Vyombo vilikuwa bado vichache. Mkeka mmoja, viti vinne na meza fupi. Mwanangu aliye Dar es Salaam akaja kunipongeza, na zawadi yake ikawa ni sabufa: sanduku moja kubwa la besi pamoja na spika ndogo ndogo za kupanga pembe za chumba. Aliinunua mkononi mwa mtu, haikuwa mpya. Akanitumia pia kwa simu kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye mwaka 1961 alirekodi Qur'ani nzima kwa murattal, akafariki mwaka 1980 akiwaachia Waislamu wa dunia nzima sauti ya kujifunzia. Mwanangu akaniambia, "Baba, sasa utaisikia Qur'ani kama uliye Kairo."

Nikafurahi mno. Jioni hiyo hiyo nikaiwasha. Nikaona sauti si kavu wala si kali, imefifia kidogo. Basi nikazungusha kitufe cha sauti nyembamba mpaka mwisho wake, na katika simu nako nikatafuta pale panapoongeza ukali wa sauti nikapandisha. Hapo ndipo nikaona maneno yanatoka wazi, kila herufi na nafsi yake. Nikasema, "Hii ndiyo sauti safi."

Mwezi uliofuata mjukuu wangu wa kike akaletwa kutoka Tanga akae nasi na asome. Tukamtia shule, na jioni akawa anakwenda madrasa iliyo karibu na msikiti wetu. Nikaweka ada kwamba kila baada ya Maghrib atakaa juu ya mkeka, mbele ya spika, asikilize Sheikh akisoma, naye afuate nyuma yake. Mimi hukaa kwenye kiti changu kando ya mlango. Siku ya kwanza alikunja uso. Siku ya pili alisogea nyuma. Siku ya tatu ndipo alipoziba masikio.

Ndugu yangu, sikumwuliza kitu. Niliinuka, nikaishika mikono yake nikaivuta chini kwa nguvu, nikamwambia mbele ya bibi yake na wageni wawili kwamba anayeziba masikio Qur'ani ikisomwa ni shetani, na kwamba sitaki kumwona shetani ndani ya nyumba yangu. Mtoto akalia. Akasema neno moja tu: "Babu, inauma." Nikamwambia Qur'ani haimuumizi Mwislamu. Tangu jioni ile akawa anakaa kimya, mikono yake ameikalia chini ya mapaja ili isiinuke, na machozi yamemlenga. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikadhani ya kuwa nimemtia adabu.

Hazikupita wiki mbili, ustadhi wa madrasa akanitumia salamu. Alisema mtoto ana bidii, lakini sin yake inapiga mluzi kupita kiasi, na swad yake imekuwa nyepesi, haitofautiani na sin. Akauliza kwa adabu kama yuko mtu anayemsomesha nyumbani.

Hapa, ndugu msomaji wa pwani, nataka nikuambie ukweli wote, ingawa unaniaibisha. Ustadhi huyu ni kijana wa huku huku bara, mwenyeji wa Rungwe, na baba yake ndiye aliyesilimu. Nami ni mtoto wa Tanga. Nimekulia chuoni, nimepigwa bakora za alifu na be, na maulidi nimeyasikia kabla sijajua kusema. Ulimi wetu sisi watu wa pwani hata katika Kiswahili unajua swad. Ndiyo maana wengi wetu tunasema swala na swaumu. Je, kijana wa Rungwe atanifundisha mimi swad? Nikaenda barazani pa msikiti baada ya Ishaa, nikasema mbele ya watu, naye hayupo, kwamba siku hizi kila aliyejua juzuu moja ameitwa ustadhi, na kwamba mtoto wangu anafuata kisomo cha al-Husary mwenyewe, sasa aliyekosea ni al-Husary au ni yeye? Watu wakacheka. Mmoja hakucheka, na huyo ndiye aliyempelekea habari.

Kesho yake ustadhi akaja nyumbani. Nilijua amekuja kugombana, nikajiandaa. Hakugombana. Alisalimu, akanywa chai, akauliza habari za mashine, kisha akasema, "Mzee wangu, naomba na mimi nimsikilize Sheikh kwa spika hizi, nipate faida." Nikawasha. Akakaa juu ya mkeka, mahali pale pale anapokaa mtoto. Haikupita nusu dakika nikamwona anafumba macho na kuinamisha kichwa upande, kama mtu aliyepulizwa vumbi usoni. Akavumilia mpaka mwisho wa aya. Kisha akatoa simu yake ndogo, akatafuta sura ile ile, msomaji yule yule, akaiweka mezani. Sauti ilikuwa ndogo, haina besi, lakini sin ilikuwa sin na swad ilikuwa swad.

Akaniambia, "Mzee, sin, swad na zai ni herufi tatu zenye sifa ya safiri. Ncha ya ulimi hukaribia meno ya mbele ya chini, pumzi ikapita mahali pembamba, ukasikika mluzi. Mluzi huo ni haki ya herufi. Lakini haki ikipita kipimo chake huwa dhuluma. Sheikh ametoa haki. Iliyodhulumu ni njia ya kutoka kwake mpaka sikioni mwa mtoto. Tuitafute."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimemsema vibaya aliye hai, nikamsingizia aliyekufa, nikamwita mtoto shetani, na kumbe shahidi wa kweli alikuwa ni simu ndogo juu ya meza.

Sasa nitakueleza tulivyotafuta, hatua kwa hatua, kwa sababu nina hakika nyumba nyingi zina maradhi haya na wenyewe hawajui. Mimi si fundi redio, lakini ni mtu wa mashine, na mtu wa mashine hujua sharti moja: ukigusa vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu. Basi tulibadili kitu kimoja kimoja, na kila mara tukamwita mtoto akae mahali pake atuambie. Yeye ndiye tuliyemfanya mizani.

Kwanza tuliangalia chimbuko, yaani rekodi yenyewe. Kisomo nilichotumiwa kilikuwa kimepita katika simu nyingi, na kimebanwa ili kiwe chepesi kutumwa. Rekodi inapobanwa sana, chombo hutupa sehemu za sauti ambazo hudhani sikio halitazihitaji, na herufi za mluzi ndizo zinazoharibika upesi; hutoka kama mchanga unaotikiswa ndani ya kopo. Ustadhi akanipa nakala nzuri ndani ya flashi. Mtoto akasema, "Afadhali kidogo, Babu."

Pili tuliangalia nguvu ya sauti inayoingia. Simu yangu ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na sabufa nayo inakuza tena. Sauti ikiingia na nguvu kupita uwezo wa chombo, vilele vyake hukatwa, na sauti iliyokatwa vilele huwa kali na ya kukwaruza. Tukaipunguza simu, sabufa ndiyo ikaongezwa kidogo. Hapa pia tukapata nafuu.

Tatu, vile vitufe vyangu. Nilikuwa nimeongeza ukali mara mbili, katika simu na katika sabufa, kama mpishi anayetia chumvi chunguni na kisha mwenziwe akaja akatia tena. Tukarudisha vyote katikati. Mtoto akatoa mikono chini ya mapaja yake. Hilo niliona kwa macho yangu.

Lakini akasema, "Ya upande huu bado." Akaonesha spika ya kulia. Basi nne, tukazima umeme, tukachomoa nyaya, tukabadilishana spika. Ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto ikaja kulia. Jaribio hili halina gharama na lina faida kubwa. Ukali ukihama pamoja na spika, ubovu umo ndani ya spika. Ukibaki upande ule ule, ubovu umo katika waya au katika sabufa. Kwetu ukali ulihama. Tukaipeleka kwa fundi Mwanjelwa. Alipoifungua akatuonesha twita, yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba: ya asili iliungua zamani, na aliyeitengeneza mwanzo alitia ya aina rahisi isiyo na koili wala sumaku, ila kisahani kidogo kinachotetemeshwa na umeme. Aina hiyo hupiga kelele nyembamba yenye kuchoma. Fundi akatia twita inayolingana na ile ya upande wa pili. Tena akagundua kwamba waya wa spika moja ulifungwa kinyume, nyekundu mahali pa nyeusi. Spika mbili zikifungwa hivyo, moja huvuta wakati nyingine inasukuma, na sauti nzito huuana zenyewe kwa zenyewe. Inayobaki ni nyembamba tupu. Ndiyo maana swad ilikosa uzito wake.

Tano ni mahali pa kuweka. Hili ndilo lililonichoma roho. Sauti nzito huenea chumba kizima kama moshi wa udi, lakini sauti nyembamba sana huenda mbele kwa mstari mwembamba, kama mwanga wa tochi. Spika zangu zilikuwa juu ya meza fupi, zikielekea mkekani, na kimo chake ni sawasawa na sikio la mtoto aliyekaa chini. Mimi nilikuwa kitini, kando, juu ya mstari ule. Basi ukali wote niliouongeza ulikuwa ukimwingia yeye, nami nikipata masalio. Tukazigeuza zitazame pembeni kidogo, tukazirudisha nyuma.

Sita ni chumba chenyewe, na hapa ndipo narudia yale madirisha. Ustadhi alipiga kofi moja katikati ya chumba, nasi sote tukasikia mlio mdogo ukifuata nyuma ya kofi, kama kengele ya mbali. Nyumba ya mama yangu kule Tanga haikuwa na mlio huo. Ilikuwa na mikeka, mapazia, makochi ya vitambaa na madirisha wazi. Sauti ikitoka hunywewa na vitambaa, na nyingine huenda zake nje. Nyumba yangu ya Uyole ni vigae, kioo na plasta, na kwa ajili ya baridi imefungwa kama sanduku. Kila mluzi ukigonga ukuta hurudi, ukagonga wa pili ukarudi tena. Nilinunua zulia nene na mapazia mazito, nikaweka kabati la vitabu mkabala na spika. Bibi yake akacheka, akasema miezi sita ameomba zulia kwa ajili ya baridi hakupewa, leo limenunuliwa kwa ajili ya spika.

Basi tukawasha tena. Mtoto akakaa mkekani, akasikiliza ukurasa mzima, na mwishowe akasema, "Sasa ni mzuri." Ustadhi akasema alhamdulillahi. Nami, ndugu msomaji, unajua nilisema nini? Nilisema, "Mbona mmeifunika kwa blanketi? Maneno hayasikiki." Nikanyosha mkono kwenye kitufe cha sauti nyembamba ili nikizungushe tena.

Mtoto akanishika mkono. Katika kunishika akaiona saa yangu, akasema, "Babu, na hii saa yako mbona inalia kila saa na wewe huizimi?" Nikamwambia saa hii imeacha kulia miaka mingi iliyopita. Akaniangalia kwa mshangao. Akatazama bibi yake. Bibi yake akainamisha kichwa. Ustadhi akainamisha kichwa. Nikabonyeza kitufe cha kujaribu mlio, nikaipeleka saa sikioni. Kimya. Wao watatu, mmoja wao yuko mlangoni, wote waliisikia.

Nikaenda hospitali. Mpimaji alinivisha visikizio, akanipigia milio kutoka minene mpaka myembamba, akanichorea mstari wa masikio yangu. Ulikwenda vizuri, kisha ukaporomoka kama mtu anayeshuka korongoni. Akanieleza kwamba sikio zima la kijana husikia mitikisiko kuanzia 20 mpaka kiasi cha 20,000 kwa sekunde, na kwamba uzee huanza kula zile za juu. Lakini kelele za mashine huwahi kuharibu mahali penye mitikisiko karibu 4,000, na huko ndiko uliko mlio wa saa ndogo za mkono, na juu kidogo ya hapo ndipo penye mluzi wa sin. Kelele ya kipimo cha desibeli 85 ikimpiga mtu saa 8 kila siku kwa miaka, tayari ni hatari. Na alama ambayo hata asiye na kipimo anaweza kuitumia ni hii, kwamba ukilazimika kupiga kelele ili asikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja, basi kelele imepita kiasi. Mimi nimepiga kelele hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata pamba sikutia. Kilichoharibika hakirudi.

Kumbe basi, ndugu yangu, chimbuko la maradhi yote lilikuwa mimi. Spika ilikuwa na ubovu wake, ndiyo. Chumba kilikuwa na wake. Lakini aliyeongeza ukali mpaka mwisho ni mtu ambaye hausikii ukali. Nilipoona sauti imefifia, sikujiuliza kama ni sikio langu lililofifia. Nilijaza mlimwengu mluzi ili nipate tone, na tone langu lilikuwa ni moto kwa mtoto.

Katika Suratul-Israa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anatukataza kufuata lile tusilokuwa na ujuzi nalo, na anatuonya kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Aya hiyo nimeihifadhi tangu chuoni. Nilidhani masikio yataulizwa juu ya kusikiliza upuuzi na usengenyi tu. Sikufikiri kwamba nitaulizwa pia: masikio tuliyokupa mazima, uliyatunzaje? Na mtoto alipokwambia inauma, uliyatumiaje?

Alhamisi ile ile nilirudi barazani pa msikiti baada ya Ishaa, mahali pale pale na mbele ya watu wale wale, safari hii ustadhi akiwapo. Nikasema kwamba nilimsema kwa ubaya naye hayupo, kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki, na kwamba sikio lake la Rungwe limeijua swad ambayo sikio langu la Tanga limeipoteza. Akasimama akanishika mkono, akasema yamekwisha. Kwa al-Husary sina mkono wa kushika, namwombea rehema.

Kwa mtoto nilichelewa zaidi. Sisi wazee tunaona vizito kumwomba radhi mtoto. Twamnunulia pipi, twampa shilingi, tukidhani ameelewa. Nilijaribu pipi. Akaipokea, akashukuru, na jioni akakaa tena mkekani na mikono chini ya mapaja. Ndipo nikashuka kitini nikakaa chini karibu yake, nikamwambia, "Mjukuu wangu, ulisema inauma, na kweli ilikuwa inauma. Babu alikosea. Wewe si shetani. Nisamehe." Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Basi leo naweza kuwasha mimi?" Nikamwambia awashe. Akaenda kwenye sabufa, akazungusha vitufe kidogo kidogo, akasikiliza, akarudisha kimoja nyuma, akaja kukaa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

Tangu siku hiyo vitufe ni vyake, mimi sivigusi. Nikiona maneno hayanifikii vizuri husogeza kiti changu karibu, siongezi sauti. Na mashineni vijana wangu wote wawili sasa wanavaa vizibo vya masikio. Mmoja alipokataa kwa kuona haya, nilimpa saa yangu nikamwambia aisikilize, kisha nikamwambia mimi siisikii. Akavaa.

Ndugu msomaji, na wewe leo jioni, ukiwasha spika yako, mwite aliye mdogo kuliko wote nyumbani akae mahali pake pa kila siku, umwulize kwa upole anasikiaje. Akikunja uso, usimkemee. Anza na rekodi, kisha nguvu ya sauti, kisha vitufe, kisha badilisha spika, kisha mahali zilipo, kisha chumba. Na ukimaliza vyote, jiangalie na wewe. Wala usiishie nyumbani. Spika za misikiti yetu nazo, zile za tarumbeta, ziko wapi na zinamwelekea nani? Jirani asiye Mwislamu hajui tajwidi. Yeye hujua tu kwamba saa kumi na moja alfajiri kuna mluzi uliomwamsha mtoto wake mchanga.

Na zaidi ya spika: mara ngapi mkeo, mwanao au jirani amekwambia "inauma", nawe ukamjibu kwamba haimuumizi, kwa kuwa wewe hukuisikia?

Mwenyezi Mungu atuhifadhie masikio yetu, atusamehe tuliowaonea kwa kutojua kwetu, na ajaalie Qur'ani iwafikie watoto wetu kwa utamu wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.